Mkungu, Utelezi na Bega la Mtu wa Mjini

Kila Desemba Wachaga tunarudi nyumbani, na kila Desemba hakosi mmoja wetu anayetaka kuonyesha kwamba Dar haijamlegeza. Mwaka ule zamu ilikuwa yangu.

Mama alitaka ndizi mshare za kupikia mtori, nami nikashuka kihambani nikakata mkungu mzima. Bibi, aliyekwisha kupita miaka 70, akaninyooshea ngata yake. "Weka kichwani, mjukuu wangu." Nikacheka. Mwanaume hubeba begani! Kule juu kwenye lango la Marangu la kupandia mlima, mizigo ya wapagazi hupimwa, isizidi kilo 20. Kihambani kwetu hakuna mzani, kuna majirani tu, na majirani walikuwa wanatazama. Hata kilele cha Kibo siku hiyo kilikuwa kimejitokeza chote.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Hatua ya tisa, mguu ukaelekea Himo, mimi nikabaki Marangu. Mkungu ukatua salama juu ya majani makavu ya mgomba. Mimi nikatua kwa bega la kulia, katikati ya masale ya mpakani. Bibi alikuja mbio, akaukagua mkungu. "Haujachubuka," akasema, ndipo akanigeukia.

Jioni mkono ulikataa kupita usawa wa kifua. Mzee mmoja akanipa kata ya mbege, nikaipokea kwa kushoto. Akaniangalia kama nimemtukana. Uani pakajaa madaktari. Jirani alileta mafuta ya kondoo, shangazi akachemsha maji ya chumvi. Baba mdogo, baada ya kata ya tatu, akavua koti: "Limeteguka hilo. Mshikeni nilivute!" Sijui nguvu zilitoka wapi, nilijikuta nimeshavuka mfereji.

Asubuhi nikapanda Noah hadi hospitali, Moshi mjini. Picha ikaonyesha hakuna mfupa uliovunjika wala kuteguka. Zilizoumia ni kano. Dada wa fiziotherapia akaweka ngumi juu ya kiganja chake. "Bega ndivyo lilivyo, kaka. Kichwa kikubwa, tundu fupi kama kisahani. Linashikiliwa na misuli minne midogo na kano zake. Ndiyo maana linazunguka kila upande, na ndiyo maana huchomoka upesi." Nikamweleza habari ya baba mdogo. Akafumba macho. Lililoteguka kweli, akasema, likivutwa hovyo linaweza kuumiza hata mishipa.

Maagizo yake yalimwangusha shangazi: siku za mwanzo barafu, tena ifungwe kitambaani, dakika 15 hivi, si maji ya moto. Mizigo marufuku. Lakini nisilifunge mkono nikausahau, kwa kuwa bega lisilotikiswa huganda, na likiganda laweza kukutesa mwaka na zaidi. Niiname, niuachie mkono uning'inie, niuzungushe polepole kama kengele ya kanisa. Maumivu yakipungua, vidole vipande ukutani kama buibui. "Ila siku ukiumwa bega la kushoto, kifua kinabana na jasho linakutoka," akaongeza, "achana na ukuta, kimbilia hospitali."

Basi likizo yangu ikaishia ukutani. Kila nilipofika nilichora alama ya mkaa, na watoto wa kaka yangu wakawa wanashangilia kila sentimita. Habari zikafika kisimani kwamba yule wa Dar sasa anaongea na kuta.

Siku ya kuondoka alama ilikuwa imefikia picha ya harusi ya wazazi. Nikaenda mpakani, pale pale nilipoangukia, nikachuma jani la sale. Kwetu aliyekosa hupeleka sale, na aliyekosewa hakatai kusamehe. Nikaliweka juu ya bega langu la kulia, nikatulia.

Bibi akapita na mkungu kichwani, mikono yote miwili huru. Akanitazama, akalitazama jani.

"Na ngata yangu," akauliza, "utaipelekea lini?"