Pole, Ila Wangu Ulivunjika Zaidi

Vunja mguu uone nchi hii ilivyojaa mabingwa wa mifupa. Umetoka MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, hogo halijakauka vizuri, jirani amekwishafika na chupa ya supu ya makongoro: ng'ombe alitembelea kwato hizo, basi nawe utatembea. Shemeji anauliza kwa nini hukupelekwa kwa fundi wa kuunga mifupa, yule anayevunja mguu wa kuku akaufunga sambamba na wako. Kuku akisimama, nawe simama. Muundi wa mtu mzima huchukua miezi mitatu au zaidi kuunga, kuku anaumaliza mchezo mapema mno, lakini nani atakubali kuzidiwa mwendo na kitoweo? Wa kuhurumiwa hapo ni kuku. Hakupanda bodaboda, wala hakukaa mshikaki.

Mara anaingia mjomba. "Pole," anasema, huku akipandisha suruali akuonyeshe kovu la enzi za Mwinyi. Lako, anakuhakikishia, ni mchubuko.

Dereva wa bodaboda naye kaja kukuona, mzima kabisa, kofia ngumu ameitundika kwenye kiwiko. Kiwiko hicho hakijawahi kuvunjika.