Jinsi ya Kuiba Kiingereza Ukiwa Mugeta

Weka kamusi chini kwanza. Kiingereza hakijengwi neno kwa neno, na anayekijenga hivyo utamjua tu: anasimama katikati ya sentensi, macho darini, akitafuta kipande kinachofuata huku msikilizaji akimwonea huruma. Anayekisema vizuri hajengi. Anaiba. Anachukua fungu la maneno ambalo wenyewe wamekwisha kulifunga, anabadilisha neno moja ndani yake, analitoa kana kwamba amelitunga njiani. Wizi huo hauna kesi wala faini. Nifuate.

Hatua ya kwanza: usiulize sababu

Kwa Kiswahili tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki na tunapiga hodi. Nani aliwahi kukueleza kwa nini pasi inapigwa? Uliyabeba mafungu hayo yalivyo, ukakua nayo. Na kama nyumbani kwenu mlianza na Kiikizu, Kinata au Kizanaki, basi hata Kiswahili ulikipata hivyohivyo, kwa kusikia fungu na kulirudia. Wewe ni mzoefu wa kazi hii.

Mwingereza naye ana ya kwake. Simu huwa anaitengeneza: “make a call”. Picha anaichukua: “take a photo”. Mapumziko anakuwa nayo: “have a rest”. Ukiandika “beat a photo” umeipeleka “piga” yetu mahali wasipoijua. Usitafute mantiki, beba fungu zima.

Wapo waliotumia maisha yao kuyapanga mafungu haya. A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, alivipanga vitenzi kufuatana na maneno yanayopenda kuvifuata, na mwaka 1954 akatoa kitabu kizima cha mifumo hiyo. John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham aliongoza kazi ya kuingiza mamilioni ya maneno ya Kiingereza cha kila siku kwenye kompyuta, na kamusi ya COBUILD ikatoka mwaka 1987. Alichosisitiza Sinclair ni kwamba wenye lugha wenyewe hutegemea sana mafungu yaliyo tayari. Ukikariri mafungu, uko pamoja na wakubwa.

Hatua ya pili: jua kwamba kosa si lako

Mtoto wa Mugeta, huku Mara, aliyepita shule ya msingi ya serikali amesoma hesabu, sayansi na historia kwa Kiswahili. Anaingia kidato cha kwanza, na Januari hiyohiyo baiolojia, jiografia na fizikia zinageuka Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Makweta kuhusu elimu ilipendekeza Kiswahili kiendelee kufundishia hadi sekondari; pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 watafiti wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta kwa wengi hakitoshi kabisa kusomea masomo mengine. Watoto hao hawakuwa wajinga. Walidaiwa somo na lugha ya somo kwa mkupuo mmoja, na wadogo zao wanadaiwa hivyo hadi leo. Jambo hili linaniuma, ndiyo maana nakupa njia za mkato bila haya yoyote.

Ukihitaji jina la kukutia moyo, Butiama ni jirani. Julius Nyerere wa huko alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, mtoto wa Kizanaki. Kiingereza kilimkuta baadaye, shuleni, kama kilivyokukuta wewe. Mwaka 1963 tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare kuhusu Julius Caesar ilikuwa imechapishwa.

Hatua ya tatu: barua ya kazi

Kila mtu wa halmashauri anaijua hii: “Refer to the heading above.” Ni ile “Kichwa cha habari hapo juu chahusika” iliyovalishwa suti. Ukiandikia ofisi ya serikali itumie bila wasiwasi. Anayekusoma naye aliitumia alipoomba kazi. Lakini ukiandikia hoteli ya watalii kule Ikoma, meneja mgeni anaweza asielewe unamtuma arejee nini. Yeye mpe “I am writing to apply for the post of”, kisha jaza pengo: dereva, mpishi, mlinzi wa usiku. Aya ya kwanza imekwisha na hujatunga kitu.

Funga na “I look forward to hearing from you.” Angalia mkia: “hearing”, si “hear”. Wengi hukamatwa hapo, kwa sababu darasani walikaririshwa kwamba kitenzi baada ya “to” hubaki kitupu. “To” hii ni ya ukoo mwingine. Usibishane nayo. Inakili.

Hatua ya nne: mbele ya jopo la usaili

Hii isome mara mbili, maana inagharimu ajira. “I used to work hard” maana yake zamani ulikuwa mchapakazi, sasa umeacha. “I am used to working hard” maana yake kazi ngumu umeizoea. Kinachotenganisha ni kineno “am” na mkia wa “-ing”. Mwombaji anayetoa ile ya kwanza anajishtaki mbele ya jopo huku anatabasamu, na hakuna atakayemrekebisha. Wataandika tu kwenye karatasi zao.

Ichukue na kuizungusha kwa mambo ya kwenu. “I used to grow cotton”: pamba uliachana nayo, labda bei ilikuchosha. “I am used to growing cotton”: kuilima umekuzoea. Kwa anayetaka udereva wa kupeleka wageni Serengeti: “I am used to driving on rough roads.” Sentensi hiyo ni ya kweli kwa kila dereva wa huku, na ukweli husaidia ulimi usitetemeke.

Hatua ya tano: chumba cha mtihani

Mtihani wa Kiingereza hupenda kukuamuru uandike upya sentensi kwa maelekezo. Hapo hutakiwi ubunifu. Unatakiwa kujua nani ameoana na nani. “No sooner” anamtaka “had” karibu na “than” mbele kidogo. “Hardly” anamsubiri “when”. “Not only” hatulii bila “but also”. Kariri sentensi moja tu kwa kila ndoa: “No sooner had the bus left Bunda than it started to rain.” Siku ya mtihani toa basi, toa Bunda, toa mvua, ingiza walivyokupa.

Kuwa mwangalifu na “too” inapofuatwa na “to”. Hubeba kukanusha ndani kwa ndani: “The tea is too hot to drink” ni chai isiyonyweka. Mgeni akifika ukamwambia “I am too happy to see you”, umemwambia furaha imekuzidi hata huwezi kumwona. Mpe “so happy” na mambo yatakaa sawa.

Hatua ya sita: vya kwetu viache nyumbani, isipokuwa kimoja

Saa ndiyo hatari zaidi. Mtalii akikuuliza gari linaondoka saa ngapi, nawe unawaza saa mbili asubuhi, usimjibu “two”. Atafika saa nane mchana, na gari limekwishafika Musoma. Ongeza sita: “eight in the morning”.

Rafiki aliyeadimika usimwambie “You are lost”, ataangalia barabara. Fungu lipo: “Long time no see.”

Kile kimoja ni “sorry”. Mzungu akijikwaa nawe ukasema “sorry”, atashangaa, atakujibu kwamba si wewe uliyemwangusha. Hapa sikurekebishi. Hiyo ni “pole” yetu, Kiingereza hakina neno linaloikaribia, na mtu akizoea kupewa pole ataitamani akirudi kwao. Endelea kuitoa.

Hatua ya saba: neno likikutoroka

Litatoroka, tena siku ambayo watu wanakutazama. Usinyamaze wala usilifukuze. Shika mafungu matatu: “It is a kind of”, “It is made from”, “You use it for”. Umeulizwa kuhusu ugali wa muhogo na mtama? “It is a kind of stiff porridge. It is made from cassava and sorghum.” Umesahau fyekeo linaitwaje? “You use it for cutting grass.” Mgeni atalitaja neno mwenyewe, nawe lipokee kwa “Exactly!” yenye uchangamfu. Atajisikia amefaulu mtihani, na atawaambia wenzake Kiingereza chako ni kizuri.

Na ili maneno yasikutoroke mwanzoni kabisa, kwenye mdahalo wa shule kuna fungu refu kuliko yote: “Honourable chairperson, panel of judges, timekeeper, not forgetting my fellow students, good afternoon.” Walimu wengine hulicheka. Mimi nalipenda. Linakupa muda wa kupumua, linawaheshimu wote waliomo ukumbini, na msichana wa kidato cha pili aliyelisema mpaka mwisho bila kukwama tayari ameshaisikia sauti yake ikijaza chumba kwa Kiingereza. Hoja zitamkuta amesimama imara.

Hatua ya mwisho: daftari

Usijaze daftari kwa orodha ya neno na maana yake; orodha hiyo ndiyo iliyokuweka macho darini. Andika fungu, acha pengo, lijaze mara tatu kwa watu na vitu unavyovijua. Soma kwa sauti, hata kama wenzako watasema unajidai. Jidai. Anayejidai kwa Kiingereza cha kweli hujikuta anakijua.

Jioni hii anza na “I am used to”. Jaza mambo matatu uliyoyazoea kweli, kisha mwombe mdogo wako akuulize “Are you used to”, akutajie kazi moja baada ya nyingine, nawe umjibu kwa sentensi nzima, mpaka ile “-ing” itoke yenyewe kabla hujaikumbuka.