Kwenda Ujerumani Bila Kufilisika: Mwongozo kwa Mtoto wa Matungu

Mchango wa nauli umefanyika pale Koyonzo, pasta amekuombea, na kila aliyetoa mia mbili anakuita daktari. Sasa tupige hesabu.

Ili upate viza ya masomo, Ujerumani inakutaka uweke euro 11,904 kwenye akaunti maalumu. Ndicho kiwango tangu Septemba 2024. Pesa ni zako, lakini utaachiwa euro 992 tu kwa mwezi, tena baada ya kufungua akaunti ya kawaida huko. Kwa hiyo ondoka na akiba ya kukuvusha wiki za mwanzo.

Sisi tumelelewa na miwa. Shamba linakaa miezi 18 au zaidi, malipo yanaingia kwa kishindo, wiki hiyo nyama haikosekani, kisha tunarudi kukopa dukani. Ukizila hizo 992 kwa mtindo huo, tarehe kumi itakukuta unakunywa maji ya bomba. Lipa kodi ya nyumba, halafu bima ya afya, maana ni lazima. Kuna pia ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama huna redio. Mkiishi wanne, gawaneni.

Kazi kubwa ni simu za nyumbani. Euro 992 ni zaidi ya shilingi 130,000, na kwa Matungu huo ni mshahara wa bosi. Mjomba ataomba mbolea, senje karo ya binamu, na hawana kosa: hawajaona kodi unayolipa. Kabla ya kupanda ndege, wakalishe chini, andika matumizi yote kwa shilingi, waone kinachobaki. Mama ndiye atakayekuwa wa kwanza kukwambia, "Kula kwanza, mwanangu."

Ukipata kibarua (sheria inakuruhusu siku 140 nzima kwa mwaka, au 280 za nusu), tenga kiasi cha nyumbani na ukitume mara moja kwa mwezi kwenye M-Pesa ya mama. Angalia kiwango cha kubadilishia pesa, si ada peke yake. Wanaotangaza kutuma bure mara nyingi hujilipa hapo.

Laini yako ya Kenya isizimike, kwani benki ya nyumbani hutuma nambari za siri kwenye laini hiyo.

Na mtu akiomba kupitisha pesa kwenye akaunti yako akuachie kidogo, kataa, hata kama mnasali pamoja. Zikiwa za wizi, polisi watabisha mlango wako, si wake.