Sentimita za Marhumu Baba

Redio ya taa za gilasi aliyoniachia marhumu baba ilikaa juu ya kabati miaka mingi bila ya kunena neno, hata mimi, nilipostaafu ukarani wa bandarini hapa Mombasa na kuona kwamba siku zimekuwa ndefu kuliko mazungumzo ya barazani, nikaazimia kuifufua kwa mikono yangu mwenyewe. Ugonjwa wake ulikuwa dhahiri: panya walikuwa wameitafuna koili ya masafa ya kati. Dawa nayo ilikuwa papo hapo, kwani ndani ya kasha nilikuta kitabu cha Kijerumani kilichotafsiriwa kwa Kiingereza, kurasa zake manjano kama binzari, kikisema bila ya haya kwamba koili ya namna ile yataka indaktansi ya sentimita 200,000. Neno “indaktansi” nililiruka, kama karani arukavyo utangulizi wa waraka ili aifikie jumla ya fedha.

Sentimita naijua; makasha na marobota nimeyapima kwayo miaka 30. Nikagawa kwa 100, nikapata mita 2,000, na kwa kuwa bomba la kuzungushia lilikuwa na kipenyo cha inchi 2, hesabu ikanitolea mizunguko zaidi ya 12,500, jambo ambalo lingemshtua mwenye akili timamu, ilhali mimi lilinizidishia tu heshima kwa Wajerumani.

Waya wa kufungia mota huuzwa kwa kilo, wala si kwa mita, na kilomita mbili za unene nilioutaka zikafika karibu kilo 9.

“Bwana, unafunga mota ya meli?” akaniuliza mwenye duka.

“Nafunga redio.”

Alinitazama, akayapima maneno yangu pamoja na waya, kisha akapokea fedha kwa hima, nisije nikabadili nia. Mama watoto, alipouona mzigo, aliuliza tu iwapo sauti tutakuwa tukiivuta kwa kamba kutoka Likoni.

Tukaketi ukumbini, mpwa wangu akizungusha bomba nami nikihesabu kwa sauti, na kila apitapo mtu akatoa salamu, hesabu ilinipotea tukarudi nyuma. Siku ya pili jioni, tulipokuwa kwenye mzunguko wa 1,140 na tabaka la 13, kitu kikiwa na umbo la boga, akaingia mzee mmoja wa mtaani, ambaye ujana wake wote aliumaliza melini akipokea habari za simu ya upepo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Dema hilo wasuka?”

Nikamfunulia kitabu. Alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu, kisha akanieleza kwa upole ulioniumiza zaidi kuliko kicheko, kwamba sentimita zile hazipimi urefu wa waya, bali zapima ukaidi wa koili mkondo wa umeme unapotaka kubadilika ghafla. Na katika mizani ya zamani, iliyojengwa juu ya sentimita, gramu na sekunde, ukaidi huo hutoka kwa sentimita, nawe ukizigawa kwa 1,000 wapata maikrohenri. Zangu zilikuwa 200 tu. Kwa bomba lile, koili ya urefu wa inchi 3 ilitaka mizunguko 88, yaani waya wa mita 14.

Henri moja kamili, akasema, ni sentimita 1,000,000,000, sawa na kilomita 10,000, mwendo wa kutoka ikweta hadi Ncha ya Kaskazini; ndiyo maana, kabla ya mkutano wa Chicago wa mwaka 1893 kukipa jina la Joseph Henry wa Marekani, kipimo hicho kilipata kuitwa kwadranti, robo ya duara la dunia. Nikamshukuru Mungu kwamba kitabu hakikunitaka henri nzima, maana ningeanzia Nanyuki, na waya ungetaka jahazi.

Hapo ghururi ikanipanda. Kwa kuwa kapasita nayo iliandikwa sentimita 500, nikaigawa kwa 1,000 mbele ya mpwa wangu na kutangaza kwamba jawabu ni nusu. “Nusu ya nini?” akauliza mzee. Kumbe sentimita ya koili na sentimita ya kapasita hazikuzaliwa tumbo moja: ya kwanza yatokana na mizani ya sumaku, ya pili na mizani ya umeme tuli, nayo huzidishwa kwa 1.11 ikawa pikofaradi. Zangu zilikuwa 555.

“Sasa zizidishe hizo sentimita kama zilivyo,” akasema. Nikazidisha 200,000 kwa 500. Kipeuo cha pili kikatoka 10,000 bila ya masazo. Nikazidisha kwa 6.28, nikapata 62,800, na hizo, wallahi, ni sentimita za kweli za kupimia nguo: mita 628, urefu wa wimbi lenyewe ambalo redio ingelinasa. Kwa henri na faradi za leo hufiki huko pasi na kuuzungukia mwendo wa nuru. Wazee wale hawakuwa wajinga, ijapokuwa lawama yangu kwa mwandishi aliyeandika “sentimita” akanyamaza iko palepale.

Redio yasema. Waya uliosalia uko uvunguni, kilo 9 kasoro mita 14. Mwenye mota ya kufunga na aje, ila aje na mizani, maana kwa mita siuzi.