Sanduku la Babu

Ugomvi ulianzia kwenye daftari la mwanangu: "Jina la nchi yetu limetokana na nini?" Baba yake akajibu macho yakiwa kwenye simu: Tanganyika na Zanzibar, basi. Kaka yangu, mtu wa kuvuka mpaka wa Nakonde kila wiki na magunia yake ya mchele, akasema si basi. TAN tumeiona, ZAN tumeiona, hiyo IA mmeiokota wapi? Akamleta Mohammed Iqbal Dar wa Morogoro, anayesimuliwa kuwa alishinda shindano la kutafuta jina mwaka 1964: I ni ya Iqbal, A ni ya Ahmadiyya, jumuiya yake ya dini.

"Yaani kajichomeka mwenyewe, shemeji?" Mume wangu akacheka hadi akapaliwa na chai.

Mama mkwe hakucheka. Yeye kazaliwa Tanganyika, na ushahidi upo: risiti ya kodi ya marehemu babu, ndani ya sanduku la bati, juu darini kule jikoni. Literemshwe. Mume wangu akapanda kwenye kreti la soda, pembeni ya mafiga, sufuria ya maharage ikitokota. Nikasema niipue kwanza. Nani anamsikiliza mpishi?

Kaka naye hanyamazi. Mwaka ule, akasema, Nyasaland ikawa Malawi tarehe 6 Julai. Rhodesia ya Kaskazini ikawa Zambia tarehe 24 Oktoba. Siku tano baadaye, nasi tukawa Tanzania, baada ya nusu mwaka wa kuitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Mtu wa hapa Nanyala, Malawi iko kule Ileje, Zambia kule Tunduma, alibadilishiwa majina ya nchi yake na ya majirani wawili bila kutoka kwenye shamba la kahawa.

"Na Wachina reli ya TAZARA wanaiita Tan-Zan. Ila Zan yao ni Zambia! Zanzibar wame..."

Kreti likateleza. Sanduku likatangulia sufuriani, mume wangu akafuata sakafuni.

Maharage yalifika ukutani. Risiti tuliiopoa kwa mwiko, maganda yamegandia herufi za mwanzo, ikabaki NYIKA tu. Mwanangu, aliyewahi mpira, akanakili alichokiona.

Mwalimu kampa sifuri. Mama mkwe kaapa kuipeleka risiti shuleni mwenyewe, nami nimeianika juani, kwa sababu bado inanuka vitunguu.