Heko kwa Gemu Inayokataa Kuwaka

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Gemu zenyewe zina wasifiaji tele: mtu atakusimulia nyasi za uwanja zilivyo mbichi kwenye kioo na jasho linavyomtiririka mshambuliaji shingoni. Ila kazi ya kuifunga mashine siku inapoingia nyumbani kwa mara ya kwanza haina wa kuisemea. Huyo anayelala ubavu nyuma ya kabati la TV akitafuta tundu kwa ncha za vidole, yule anayegombana na rimoti iliyofutika maandishi, na tangazo la kwamba hakuna mawimbi linaloelea kwenye kioo cheusi, wote hutajwa kwa laana tu. Nami nashikilia kwamba hapo ndipo ilipo thamani ya pesa iliyoachwa Kariakoo au Luthuli Avenue. Usumbufu wa kufunga ndio mchezo. Kilichomo kwenye diski ni nyongeza ya muuzaji.

Asiyeamini aanze na historia. Magnavox Odyssey, mashine ya kwanza ya gemu za nyumbani, iliyozaliwa na kazi ya mhandisi Ralph Baer, ilitoka Marekani mwaka 1972 bila sauti wala rangi. Ilichoweza ni kuonyesha vidoti vya mwanga na mstari. Uwanja uliletwa na mnunuzi mwenyewe: alichukua karatasi ya plastiki angavu iliyochorwa, akaibandika juu ya kioo cha televisheni, na kwa kuwa televisheni hazilingani, karatasi zilikuja za vipimo viwili. Kabla ya hapo alikwisha kufungua skrubu za waya wa antena na kuunganisha kijisanduku chenye swichi. Ndani ya boksi mlikuwa na dadu, kadi na noti za kuchezea, maana mashine haikujua kuhesabu pointi; waliojua nani kashinda ni watu waliokaa mbele yake. Sasa mtu anionyeshe kufunga kuliishia wapi na kucheza kulianzia wapi.

Waliofuata hawakuuondoa usumbufu, waliuhamisha tu. Nintendo ilipopeleka NES Marekani mwaka 1985, kaseti ilisukumwa ndani kisha ikabonyezwa chini, na baada ya muda pini za ndani zikalegea. Chipu ya ulinzi isipopata mguso mzuri iliirudisha mashine mwanzo tena na tena, taa nyekundu ikipepesa. Dunia nzima ya watoto ikaamua kwamba dawa ni kupuliza. Pumzi yenye unyevu haisaidii pini, huzitia kutu; kilichosaidia ni kule kuitoa kaseti na kuirudisha. Lakini nani angekuwa na moyo wa kumnyang'anya mtoto wa miaka minane uganga wake?

Kwetu somo lilikuja na PlayStation 2 na waya zake tatu, njano, nyeupe na nyekundu. Televisheni zetu zilifuata mfumo wa PAL, na mashine iliyotoka Marekani ilikuja na NTSC, hivyo picha ilitokea ikiwa nyeusi na nyeupe. Hapo baraza linaketi. Mmoja anasema televisheni imezeeka, mwingine kwamba mashine ni feki, shemeji anataka waya wa njano upigwe-pigwe kidogo, hadi anapopatikana mwenye kujua kuingia kwenye menyu ya TV na kubadili mfumo, na kuanzia siku hiyo huyo ndiye fundi wa ukoo mzima. Mashine ya Kijapani ya volti 100 ilikuwa na mchezo mfupi zaidi. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya volti 230, inaisha kwa mshindo mmoja na harufu.

Nakiri kwamba waya wa HDMI, ambao ni mmoja na haubagui rangi, ulitaka kuua utamaduni huu. Tukaokolewa na intaneti. Xbox One ilipotoka mwaka 2013 haikuweza kuchezwa kabla ya kushusha sasisho la siku ya kwanza, na tangu hapo diski imekuwa zaidi cheti cha kwamba umelipa. Gemu ya gigabaiti 40, kwenye laini inayotoa megabiti 10 kwa sekunde bila kuyumba, huchukua karibu saa 9. Bado akaunti. Mtoto akiandika mwaka wake wa kweli wa kuzaliwa, mashine inamtaka mzazi. Mzazi anaiambia mashine barua pepe yake. Barua pepe inadai nywila. Nywila ilisahauliwa, na namba ya kuirejesha imo kwenye laini iliyotupwa zamani. Ikipatikana, huandikwa kwa pedi, herufi moja baada ya nyingine, huku sebule nzima ikiitamka kwa sauti ili mwandishi asikosee. Ni siri pekee inayotunzwa kwa kwaya.

Na hapo ndipo hoja yangu iliposimama. Boksi la PlayStation 5 lina pedi moja. Mashine ikishakubali, mmoja anashika, waliobaki wanageuka watazamaji, na anayetaka taarifa ya habari ya saa mbili anageuka adui. Saa za kufunga, kinyume chake, hazimwachi mtu nje: bibi anamulika kwa simu, jirani anaazima kebo, mdogo kuliko wote anatumwa dukani kununua bando, na hata asiyejua lolote ana kazi ya kusema "izime, uiwashe tena", ushauri ambao mara nyingi ndio unaofaa.

Watasema umeme unaliwa bure. Mashine inayotumia wati kama 200 ikiwa kazini hula uniti moja kwa saa 5, na ikiwa inapakua tu hula pungufu ya hapo; pasi ya nguo ingewaumiza zaidi. Watasema mtoto atalia. Atalia, lakini aliyelelewa kwenye banda la gemu, akilipia mechi na kusubiri zamu nyuma ya wakubwa wasiofungika, anajua kungoja kuliko baba yake. Pingamizi lenye uzito ni jingine: kwamba mtu asiye na intaneti ya maana ameuziwa kitu kisichofanya kazi, na kwamba kampuni zingeweza kuweka gemu kamili kwenye diski kama zilivyofanya kwa miaka mingi. Ni kweli, na sina jibu zaidi ya kuustaajabia ukarimu wao. Zamani tulinunua gemu iliyomalizwa kiwandani. Leo tunaachiwa tuimalizie wenyewe, kwa bando letu na usiku wetu, wala hatutozwi ada ya ufundi.

Kwa hiyo siwaelewi wanaomlipa muuzaji aifunge mashine dukani, aisasishe, aifungulie akaunti na kuileta ikiwa tayari. Basi wangemwongeza kidogo awachezee na fainali, kisha awapigie simu kuwaambia matokeo.