Saa Thelathini

Katibu wa klabu yetu ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote Kidato cha Tatu, kwa hiyo tukamkabidhi shuka kuukuu la bwenini, brashi na kopo la rangi ya mafuta. Akajifungia chumbani alasiri nzima. Alipotoka, shuka lilikuwa limeandikwa kwa herufi nyekundu za kupendeza: TUNASHAIDIA JAMII.

Sisi Wajaluo tuna kesi ya zamani na herufi s na sh. Nyumbani tulilima "samba" na kujifunika "suka" bila mtu kudhurika. Tulipofika sekondari, mwalimu wa Kiswahili alitukosoa kwa bidii mpaka tukaanza kuiogopa s yenyewe, tukawa tunaipachika h hata isipoalikwa, na chai yetu ikatiwa "shukari". Rangi ya mafuta nayo haifutiki. Mwalimu mlezi wa klabu alilizunguka bango mara mbili, akashauri tulikunje kidogo pale katikati ili ile "sha" ifichike. Likasomeka TUNAIDIA JAMII. Tukalikunjua.

Hiyo ilikuwa Julai 1997, katika shule moja ya bweni ya wavulana upande wa Homa Bay. Siitaji jina kwa sababu wenyewe wapo. Mimi nilitoka mji wa Migori. Miaka michache nyuma wilaya hizo zilikuwa kitu kimoja, South Nyanza, na sisi wanafunzi tuliendelea kujiona ndugu isipokuwa siku za mpira.

Shule zenye basi zilikuwa na Interact, ile klabu ya vijana ya Rotary iliyoanzia Marekani mwaka 1962, au President's Award, iliyoingia Kenya mwaka 1966 na inayotoa tuzo za shaba, fedha na dhahabu. Sisi tulikuwa na lori, tena la kubebea kuni. Basi mwalimu mlezi akatushonea klabu yetu wenyewe: ada shilingi ishirini, wimbo hakuna, tuzo hakuna. Na bado watu walijaa hadi dirishani.

Nisidanganye kwamba tulijaa kwa kuionea jamii huruma. Mwalimu alikuwa ameandikiana barua na shule moja ya wasichana, na Jumamosi ya kwanza ya Oktoba tungekwenda huko kwa shughuli ambayo barua iliita "kongamano la vijana na huduma kwa jamii". Sisi tuliiita fanki. Kungekuwa na hotuba, ndiyo, lakini kungekuwa pia na soda, redio kubwa ya kaseti, na wasichana wasio dada zetu. Mwalimu, ambaye aliwahi kuwa kijana, akaweka sharti moja. Hadi mwisho wa likizo ya Agosti kila mwanachama awe amehudumia watu saa thelathini. Asiyefikisha, lori litamwacha getini.

Akatupa kila mmoja fomu yenye safu nne: tarehe, kazi, saa, sahihi ya aliyesaidiwa. Ni hiyo safu ya nne iliyotutesa. Kusaidia mtu si kazi. Kazi ni kumpata mtu akubali kwa maandishi kwamba alikuwa na shida na wewe ndiye uliyeitatua.

Saa tano za kwanza tulizipata pamoja kabla ya kufunga shule, tukipanda miti kwenye Got Asego, kile kilima kilichochongoka kando ya mji wa Homa Bay. Profesa Wangari Maathai alikuwa amehimiza upandaji miti tangu mwaka 1977, na nina hakika hakuwahi kumwambia mtu apande kiangazi. Ardhi ililia kengele jembe lilipoigusa. Tulipanda miche sitini, tukateremka kunywa maji, tukapanda tena kuchukua majembe, tukakuta mbuzi kumi na mmoja wamesimama kwa mstari kama wanafunzi wa kidato cha kwanza kwenye foleni ya chakula, kila mmoja akimalizia mche wake. Hatukuwa na mtu wa kusaini. Mwenyekiti wetu, ambaye leo ni wakili na sishangai, akafikiri kidogo, akauliza: "Ni nani hasa aliyesaidiwa hapa?" Tukamtafuta mchungaji wa wale mbuzi. Alikuwa mtoto wa darasa la pili. Akatusainia fomu zote, jina moja moja, ulimi nje.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya ziwa. Msomaji aliyekuwa Homa Bay miaka hiyo atakumbuka magugu maji, lile jani la Amerika Kusini lenye ua la zambarau lililoonekana upande wetu wa ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, likakua mpaka mashua zikawa zinakwama kwenye kijani kitupu kama trekta shambani. Ukisimama ufuoni ungeapa kwamba ziwa limeuzwa na mnunuzi ameanza kulima. Mwalimu alitukataza kuingia majini kwa sababu ya kichocho, na wavuvi wakaongeza nyoka na kiboko ili tusisahau. Kwa hiyo tuliyavuta kutoka nchi kavu kwa reki na kamba, saa sita mfululizo, tukirundika. Kufikia jioni tulikuwa tumefungua mwanya wa maji wenye ukubwa wa darasa. Tukapeana mikono. Tukaimba.

Asubuhi tulirudi na mwalimu ili ajionee. Usiku upepo ulikuwa umegeuka, na mwanya wetu haukuwepo; badala yake palikuwa na magugu mengi kuliko jana, mengine yakiwa na bata juu yake. Mvuvi mmoja mzee alikuwa amekaa kwenye mashua yake iliyonaswa, akitutazama kwa huruma. Serikali ilikuwa imeleta fukusi, vijidudu vidogo vya kula gugu hilo, vikaachiliwa ziwani mwaka huohuo. Mzee akasema: "Wale fukusi wanafanya kazi mchana na usiku, wanangu, na sijawaona na fomu." Lakini alisaini. Jumla saa kumi na moja.

Tukafunga shule. Mwenyekiti, katibu na mimi tukakubaliana kwenda kwa dani mmoja, bibi wa mbali wa katibu, mjane anayeishi peke yake kijijini upande wa Awendo, katikati ya miwa ya kiwanda cha sukari cha SONY. Nyumba yake ya nyasi ilivuja. Kwetu sisi huyo hakuwa bibi, alikuwa saa kumi na tisa zilizovaa leso.

Tuliingia kijijini asubuhi, bango limetandazwa mbele, na tukaona milango ikifungwa mmoja baada ya mwingine. Watoto walitukimbilia, wakasoma, wakakimbia kurudi. Tukasikia wakitangaza nyuma ya ua: "Mashahidi wanakuja!" Mzee mmoja akatoka, amevaa suti na tai, akatusimamisha njiani. "Vijana," akasema kwa upole, "hapa sisi ni Wasabato. Babu zetu walibatizwa na wale wamishonari waliofika Gendia 1906. Mashahidi wa Yehova wana watu wao kule mbele." Tukamweleza kwamba si Mashahidi, ni tahajia. Akatazama majembe begani mwetu, akatazama saa yake. "Na leo," akaongeza, "ni Jumamosi."

Hakuna aliyeshika kazi siku hiyo. Tulipelekwa kanisani, tukakaa benchi la mbele kuanzia shule ya Sabato hadi mwisho, bango chini ya miguu yetu. Katibu aliuliza kwa sauti ya chini kama hizo zinahesabiwa.

Jumapili tulifyeka uwanja, tukachota maji mtoni, tukapasua kuni. Dani alitulisha uji, kisha ugali na omena, kisha akatulisha tena kwa kuwa alisema tunakula kama wagonjwa. Jumatatu tukapanda juu ya paa. Hapa ndipo ninapotaka kusimama kidogo, maana sisi watatu tulikuwa Wajaluo wa damu, tuna alama nzuri za Historia, na hakuna kichwa hata kimoja kilichotikisika.

Kileleni mwa paa la nyasi la nyumba ya Mjaluo huchomoza kijiti kinachoitwa osuri. Kijiti hicho kinatangaza kwa apitaye njiani kwamba mwenye mji yupo hai. Akifa, huondolewa. Na paa la mjane haliparamiwi na mwanamume yeyote hivihivi, kwa sababu anayeliezeka anaonekana ameingia kwenye viatu vya marehemu. Mwenyekiti, mtoto wa nyumba za mabati za mjini, aliziba matundu vizuri sana. Kisha akalitazama paa, akaona juu kabisa panaonekana pamepwaya, hapana madoido. Akashuka, akachonga kijiti cha mpera, akakipanda pale kileleni, kimenyooka kama antena.

Mwanamke aliyekuwa akipita na mtungi aliutua chini polepole. Ndani ya nusu saa uwanja ulijaa. Shemeji zake, ndugu za marehemu, walikuja wawili, mmoja na fimbo, wakitaka kujua ni nani huyu aliyejitangaza kuwa bwana wa mji bila kuleta hata jogoo. Yule mzee wa suti alikuja bila suti. Mwenyekiti alikuwa bado juu ya paa na aliamua kwamba huko ndiko atakakoishi. Katibu akaanza kueleza kuhusu huduma kwa jamii, ulimi ukamteleza, akasema "kushaidia" mbele ya watu wote, mtu akacheka, na kicheko kikatuokoa.

Dani mwenyewe alitoka jikoni akijifuta mikono. Akatazama kijiti. Akatutazama sisi watatu, tulio na ndevu nne kwa jumla. "Nyakwara," akamwambia mwenyekiti, maana yake mjukuu wangu, "shuka nikuone vizuri. Miaka kumi na miwili nimekaa bila bwana, Mungu akanijibu kwa kuniletea wa Kidato cha Tatu?" Uwanja ulilala kwa kicheko. Kijiti kiling'olewa na shemeji kwa heshima zote, mambo mengine yakasemwa na wazee ambayo hatukuruhusiwa kusikia, na mpaka leo mwenyekiti akihudhuria mazishi upande ule hukaribishwa na wajane kwa jina la "bwana".

Dani hakujua kusoma, ila hesabu alizijua. Tulidai saa kumi na moja. Akataka kujua kama kwenye fomu kuna safu ya tulichokula. Hakuna? Basi akatoa saa mbili. Akapaka gumba masizi ya sufuria, akagandamiza mara tatu. Tisa. Jumla ishirini.

Nikarudi Migori kutafuta kumi peke yangu, na mji ukanikatalia. Sokoni nilimwona mama amejitwika karai la omena na mtoto mgongoni. Nikamfuata kwa nyuma, nikanyoosha mikono kulipokea karai. Jifunze kutoka kwangu: anza kwa salamu. Neno "mwizi" katika soko la Migori lina mwendo wa risasi. Nilikimbia hadi darajani, na huko hakukuwa na wa kunisainia.

Saa moja niliipata mpakani, Isebania, nilikotumwa na shangazi. Mama mmoja mwenye Kiswahili laini cha ng'ambo, upande wa Sirare, Tanzania, aliniona na fomu yangu, akaniita "mwanangu" kwa namna iliyonilegeza magoti, akaniomba nimbebee gunia la viazi vitamu hatua chache tu, njia ya nyuma, kwa sababu ya jua. Tulipokutana na askari, mama hakuwepo. Sijui alikopitia. Askari akafungua gunia: viazi safu moja, chini yake vitenge, vipande vingi, vizuri. Akaniuliza mzigo ni wa nani, nikamwonyesha fomu. Aliisoma yote, kuanzia mbuzi hadi gumba la masizi, akaisoma tena, kisha akakaa juu ya jiwe. Machozi yalimtoka. Alipopata pumzi aliniambia nilibebe lile gunia hadi ofisini kwao, nikalibeba, na kwa kuwa aliyesaidiwa ni yeye, akasaini.

Tisa zilizobaki nilizipata nilipokuwa sizitafuti. Mama yangu alikuta fomu mfukoni akifua. Alinisubiri jikoni. "Kumbe unaweza kuchota maji," akasema. "Unaweza kupasua kuni. Kwa watu wa Awendo." Siku ya pili aliniamsha jogoo wa kwanza. Nilichota, nikapasua, nikafua, nikalima kiwanja chote nyuma ya nyumba, nikapelekwa kwa jirani nikalime na kwake. Giza lilipoingia akaomba kalamu. Kanuni za klabu zilikataza sahihi za jamaa, kwa hiyo alisaini kwa jina lake la usichana, saa tisa kamili, na pembeni akaandika kwa mwandiko wa wazi: "Ni mara yake ya kwanza."

Septemba niliwasilisha saa thelathini. Mwalimu alizikubali zote isipokuwa alisita kidogo kwenye ya askari. Suruali yangu nzuri niliilaza chini ya godoro wiki mbili ili ijipige pasi, nikawa nalala chali bila kugeuka nisije nikaupinda mstari. Nilikuwa nimeazima viatu, soksi, na msemo mmoja wa Kiingereza.

Oktoba ilipoingia, walimu wa nchi nzima waligoma. Chama chao, KNUT, kilitaka nyongeza ya mshahara, na hakuna mwalimu aliyeshika chaki wala, kwa upande wetu, usukani wa lori. Tulirudishwa nyumbani na masanduku yetu. Mgomo ulipokwisha, serikali ikiwa imeahidi nyongeza iliyozidi asilimia mia, mvua za El Niño zilikuwa zimeanza, barabara zikakatika, na ile shule ya wasichana ikaandika barua ya kuahirisha. Mwaka uliofuata serikali ikasema fedha za kutimiza ahadi hazipo, walimu wakagoma tena, Oktoba hiyohiyo, na sisi tukawa Kidato cha Nne, tusioruhusiwa fanki.

Kabla hatujaondoka kwenda nyumbani mara hiyo ya pili, nilimfuata mwalimu mlezi kwenye chumba cha walimu, fomu mkononi, nikamuuliza saa zangu thelathini zitalipwa lini. Alikuwa akipanga vitabu vyake kwenye mfuko wa plastiki. Akavuta kiti cha pili.

"Keti," akasema. "Tudai pamoja."